Shujaa wa Manhattan na Mawe ya Katanga: Kuutazama Upya Mchezo wa Video wa Mwaka 2004

Utangulizi

Mtaa wa Golf, mjini Lubumbashi, umebeba jina la mchezo. Jina hilo linatokana na uwanja wa gofu ulioachwa na utawala wa Wabelgiji, na leo hutajwa kila siku na watu ambao wengi wao hawajapata kushika fimbo ya gofu maishani mwao. Huo ni mfano mdogo wa jambo ambalo wanahistoria wa lugha wanalifahamu vema. Mchezo hupita na wachezaji wake wa kwanza huondoka, lakini athari yake hubaki katika majina, katika ramani na katika fikra za watu.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza mchezo wa aina nyingine, ambao nao umekwisha kuingia katika historia. Mchezo huo ni Spider-Man 2, uliotengenezwa na kampuni ya Treyarch na kutolewa na kampuni ya Activision ya Marekani tarehe 28 Juni 2004, siku mbili kabla ya filamu yenye jina hilohilo kuanza kuonyeshwa nchini humo. Ulichezwa kwa mashine kadhaa za wakati ule, mojawapo ikiwa PlayStation 2, ambayo iliuzwa duniani kwa zaidi ya milioni 150 na kuenea hata katika miji ya Afrika. Waliokuwa watoto wakati huo, katika Golf na kwingineko, leo ni watu wazima wenye watoto. Kwa hiyo wakati umefika wa kuutazama mchezo huo kama hati ya historia, jinsi utenzi, gazeti au picha ya ukutani inavyotazamwa.

Maswali yanayoongoza makala haya ni matatu. Kwanza, mchezo huu ulileta jambo gani jipya? Pili, nguvu za shujaa wake zilitoka wapi? Tatu, ramani ya mji wake inaonyesha nini, na inaacha nini nje ya mipaka yake? Swali la tatu ndilo linalomhusu zaidi msomaji wa Lubumbashi, kama itakavyodhihirika.

Mchezo ulivyo na nafasi yake

Michezo ya video ya Spider-Man ilikuwapo kabla ya mwaka 2004. Ule wa mwaka 2000, wa kampuni ya Neversoft, na ule wa mwaka 2002, wa Treyarch wenyewe, ilimruhusu mchezaji kurusha uzi wa buibui na kuning'inia juu ya mji. Hata hivyo uzi huo haukushika kitu. Ulipanda juu ukapotelea hewani, na shujaa akasafiri kana kwamba mbingu yenyewe imetiwa kulabu.

Mwaka 2004 kanuni hiyo ilibadilishwa. Mtengenezaji mmojawapo, Jamie Fristrom, alibuni utaratibu ambao kwa huo uzi ulilazimika kushika jengo lililomo kweli ndani ya mchezo. Palipokuwa na ghorofa refu, shujaa alipanda juu. Pasipokuwa na kitu kirefu cha kushikilia, alitembea kwa miguu kama raia wengine. Mwendo wake ulifuata kanuni za bembea: anayeuachia uzi akiwa chini husukumwa mbele, na anayechelewa kidogo hurushwa juu. Hivyo mchezaji alilazimika kuujua mji wenyewe, yaani urefu wa majengo yake, upana wa njia zake na mahali penye uwazi. Maarifa ya mji yakawa ndiyo ufundi wa mchezo.

Jambo la pili lilikuwa uhuru wa kutembea. Mchezo wa Grand Theft Auto III wa mwaka 2001 ulikuwa umeonyesha kwamba mji mzima unaweza kuwa uwanja wa kuchezea, nao Spider-Man 2 uliikabidhi fursa hiyo kwa shujaa wa vibonzo. Mchezaji alipewa kisiwa cha Manhattan pamoja na visiwa vidogo vilivyo jirani, akaachwa aende atakako. Njiani alikutana na watu wenye shida: mwanamke aliyeporwa mkoba, mtu anayening'inia ukingoni mwa paa, mashua inayozama, mtoto aliyeponyokwa na puto. Aliyesaidia alipata alama, na kwa alama hizo alinunua ustadi mpya.

Ni dhahiri kwamba mchezo ulikuwa na kasoro zake. Shida za watu zilijirudia mno, hata mtoto wa puto akawa kichekesho miongoni mwa wachezaji. Nyuso za wapita njia zilikuwa chache, na sauti zao vilevile. Pamoja na hayo, michezo mingi ya mashujaa iliyofuata ilipita katika njia hiyohiyo ya mji ulio wazi: ule wa Hulk wa mwaka 2005, inFamous na Prototype ya mwaka 2009, hadi Marvel's Spider-Man wa kampuni ya Insomniac wa mwaka 2018. Anayeurudia mchezo wa 2004 hivi leo huona picha zilizochakaa, lakini huona pia kwamba bembea yake bado inamtaka mchezaji afikiri.

Nguvu za shujaa zilitoka wapi

Spider-Man alibuniwa na Stan Lee na Steve Ditko, na alionekana kwa mara ya kwanza katika toleo la 15 la gazeti la vibonzo la Amazing Fantasy, mwezi Agosti 1962. Katika simulizi hiyo kijana Peter Parker anahudhuria maonyesho ya sayansi, na hapo anaumwa na buibui aliyepatwa na mnururisho. Sumu ya buibui huyo inampa nguvu zake.

Simulizi hiyo haikuwa ya pekee. Katika miaka hiyohiyo kampuni ya Marvel ilitoa mashujaa kadhaa waliozaliwa kwa mionzi. Fantastic Four wa mwaka 1961 walipigwa na mionzi ya anga za juu. Hulk wa mwaka 1962 alitokana na mlipuko wa bomu la gama. Daredevil wa mwaka 1964 alipofushwa na kitu chenye mnururisho. Watu wa zama hizo walikuwa wameishi miaka 17 tangu bomu la atomu kuangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Hofu ya mnururisho ilikuwa imeingia majumbani na mashuleni, na vibonzo viliigeuza hofu hiyo kuwa ndoto: kitu kile kinachoua mji mzima kinaweza, kwa bahati, kumpa kijana mnyonge nguvu za kuokoa mji.

Ikumbukwe hata hivyo kwamba katika filamu ya mwaka 2002, iliyoongozwa na Sam Raimi, buibui hakuwa tena na mnururisho. Alikuwa amebadilishwa vinasaba katika maabara. Hofu ya zama ilikuwa imehama kutoka atomu hadi vinasaba, na hadithi ikahama pamoja nayo. Lakini atomu haikutoweka kabisa. Katika filamu ya 2004, na katika mchezo unaoifuata, adui Otto Octavius anajaribu kuunda mtambo wa kuunganisha viini vya atomu. Filamu inaieleza nishati yake kuwa ni tritiamu, aina ya hidrojeni iliyo adimu sana, nayo inaletwa tu mezani kama chumvi inavyoletwa jikoni. Hakuna anayeuliza ilitoka wapi wala ni mikono ya nani iliyoitayarisha.

Kwa hadithi ya kubuni, kasoro hiyo ni ndogo. Kwa historia ya kweli ya atomu, swali la chimbuko lina jibu, na jibu lenyewe liko Katanga.

Broadway na Shinkolobwe

Shinkolobwe ni mahali palipo karibu na Likasi, kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Madini ya urani yaligunduliwa huko mwaka 1915, na kuanzia mwaka 1922 mawe yake yalipelekwa Olen, Ubelgiji, kutolewa radi. Mwenye mgodi alikuwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, ileile iliyomiliki shaba ya jimbo zima. Wakati huo radi ndiyo iliyotafutwa, na urani ilihesabiwa karibu kuwa takataka.

Mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alihamia New York Vita Kuu ya Pili ilipoanza. Mwaka 1940 aliagiza mawe ya Shinkolobwe yaliyokwisha kuchimbwa yasafirishwe Marekani. Shehena ya tani zipatazo 1,200 ilivuka bahari na kuwekwa ghalani katika kisiwa cha Staten Island, ndani ya mji wa New York, ikakaa humo kwa muda mrefu bila kuhitajiwa na mtu.

Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilianzisha mpango wa siri wa kutengeneza bomu la atomu. Ofisi yake ya kwanza ilikuwa katika jengo namba 270, njia ya Broadway, kisiwani Manhattan, na ndiyo sababu mpango huo uliitwa Manhattan. Tarehe 18 Septemba 1942 afisa Kenneth Nichols alimwendea Sengier, ambaye ofisi yake ilikuwa katika njia hiyohiyo ya Broadway, namba 25. Kwa mazungumzo mafupi na maandishi ya kalamu juu ya karatasi moja, mawe ya ghalani yakanunuliwa, pamoja na yale yaliyosalia Katanga. Mgodi uliokuwa umefungwa kabla ya vita ukafunguliwa tena. Sehemu kubwa ya urani ya mpango wa Manhattan ilitoka katika shimo hilo moja.

Ramani ya mchezo wa 2004 inamwonyesha mchezaji Manhattan yote, mpaka kisiwa cha sanamu ya Uhuru. Staten Island haimo. Mahali ambapo mawe ya Katanga yalilala ni nje ya mpaka ambao shujaa anaweza kufika. Watengenezaji hawakukusudia kuficha chochote, kwa kuwa mashine za wakati ule hazikuweza kubeba mji wote, nao walichagua sehemu yenye maghorofa marefu. Pamoja na hayo, msomaji wa Lubumbashi ana haki ya kuutazama mpaka huo na kujiuliza ni nini kilichoko ng'ambo ya maji.

Mwaka 2004 wenyewe unastahili kuangaliwa. Mnamo Januari mwaka huo, amri ya Rais ilifunga rasmi Shinkolobwe kwa wachimbaji wadogo, ambao kwa miaka kadhaa walikuwa wakitafuta kobalti katika mabaki ya mgodi. Amri haikuwazuia wote. Mwezi Julai 2004, majuma machache baada ya mchezo kutolewa, sehemu ya machimbo iliporomoka na kuwaua watu wasiopungua wanane. Wakati watoto wa dunia walipokuwa wakijifunza kumwokoa mtu anayening'inia kwenye paa la Manhattan, waliofukiwa Shinkolobwe hawakuwa na uzi wa kushika.

Msomaji anaweza kupinga, na pingamizi lake lina uzito. Anaweza kusema kwamba Lee na Ditko hawakuijua Shinkolobwe, na kwamba hakuna kamba inayounganisha jiwe la Katanga na buibui wa karatasi. Ni kweli kwamba hakuna ushahidi wa uhusiano wa moja kwa moja, na makala haya hayadai hivyo. Yanachodai ni hiki: hofu iliyomzaa shujaa huyo ilitokana na tukio la kihistoria, na tukio hilo lilijengwa kwa mali iliyochimbwa na watu wenye jasho na majina. Anayesoma simulizi ya nguvu bila kuuliza chimbuko la nguvu amesoma nusu yake.

Mashujaa wa masimulizi na mashujaa wa mji

Fasihi ya Kiswahili ina desturi yake ya kale ya kuuliza chimbuko na mpaka wa nguvu. Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijuma mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale zaidi, unamhusu mtu ambaye silaha hazimdhuru. Siri ya mauti yake ni moja tu, nayo ni kuchomwa kitovuni kwa shaba. Mtawala wa Pate anamshawishi mwana wa Liyongo aipeleleze siri hiyo, na mwana anamchoma baba yake usingizini. Liyongo anakwenda kisimani na kufa akiwa amepiga goti, upinde mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji kwa kuwa wanadhani angali hai. Kwa msomaji wa Katanga, ambako shaba ni jina la kazi, la mshahara, na tangu 1971 hadi 1997 lilikuwa jina la jimbo lenyewe, ni vigumu kupita juu ya neno hilo bila kusita.

Masimulizi ya Waluba nayo yanamsifu Kalala Ilunga, mwindaji na mpiganaji, ambaye mjomba wake Nkongolo alimwonea wivu akamchimbia shimo lenye mikuki, likafunikwa mkeka ili aangukie humo akicheza ngoma. Kalala hakuokolewa na nguvu zake peke yake: mpiga ngoma alimwonya kwa mdundo. Hapa shujaa anamhitaji mtu wa kawaida mwenye kujua lugha ya ngoma.

Masimulizi haya mawili yanafanana katika jambo moja. Shujaa yumo ndani ya jamii yenye majina, na hatima yake huamuliwa na watu wanaomzunguka, awe mwana msaliti au mpiga ngoma mwaminifu. Mchezo wa 2004 una raia wengi, lakini raia wake hawana majina, na kazi yao ni kupotelewa na vitu ili shujaa avirudishe.

Mji wa Lubumbashi una mashujaa wasio na nguvu za ajabu. Mwezi Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière mjini Elisabethville, kama ulivyoitwa wakati huo, waligoma wakidai nyongeza ya mishahara kwa kuwa maisha yalikuwa yamepanda bei. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, alipigwa risasi akafa, na askari wakawafyatulia risasi waliokuwapo. Makumi ya watu waliuawa. Miezi tisa baadaye kampuni hiyohiyo iliafikiana na jeshi la Marekani juu ya mawe ya Shinkolobwe. Mwaka 1946 Sengier alitunukiwa na Marekani nishani ya Medal for Merit, na baadaye madini mojawapo ya Katanga yakaitwa sengierite kwa heshima yake. Hakuna jiwe lililopewa jina la Mpoyi.

Mji unaosimuliwa na wakazi wake

Yafaa ieleweke kwamba Kiswahili cha Lubumbashi nacho kilikua pamoja na mgodi. Kilipata msukumo wa kwanza kwa misafara ya biashara na kwa ufalme wa Msiri huko Bunkeya, kabla mfalme huyo hajauawa tarehe 20 Desemba 1891. Lakini kilienea kama lugha ya mji kwa sababu wafanyakazi wa makabila mengi walikutanishwa na kazi. Lugha hiyo imehifadhi historia ambayo haimo katika nyaraka za kampuni.

Ushahidi ulio bora ni kitabu kidogo kilichotolewa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa zamani, chenye jina la Kifaransa, Vocabulaire de la ville de Elisabethville, lakini maandishi yake ni ya Kiswahili cha mjini. Johannes Fabian alikichapisha upya pamoja na maelezo mwaka 1990. Jina lake linasema ni msamiati. Ndani yake ni historia ya mji kama ilivyoonwa na wale waliopika, waliofua na waliofungua milango ya mabwana. Miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alifanya kazi inayokaribiana na hiyo kwa rangi: alichora historia ya nchi yake kwa picha zaidi ya mia moja, akizieleza kwa Kiswahili.

Kazi hizi mbili na mchezo wa 2004 vinaweza kulinganishwa, kwa sababu vyote vinampa mtu mji wa kutembea ndani yake. Mchezo unamfundisha mchezaji urefu wa majengo. Yav anamfundisha msomaji nani aliishi katika majengo na nani aliyafagia. Anayetoka katika mchezo anaijua Manhattan kwa mwili wake, kwa vidole na macho. Anayetoka katika kurasa za Yav anaujua mji kwa majina ya watu wake.

Kuna tofauti nyingine yenye uzito. Mchezo wa Spider-Man 2 hauuzwi tena madukani. Umebaki katika diski kuukuu, na mashine zinazoweza kuzisoma zinapungua kila mwaka. Hata hivyo, wapenzi wake katika nchi nyingi wameueleza, wameupima na kuulinganisha na michezo ya baadaye, hivi kwamba kumbukumbu yake haitapotea upesi. Wazee waliobeba mawe ya Shinkolobwe miaka ya 1940 wametoweka, na mengi waliyoyajua wamekwenda nayo.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mchezo wa Spider-Man 2 ulikuwa hatua muhimu katika ufundi wa michezo ya video, kwa kuwa uliufanya mji kuwa kitu cha kushikwa na kujulikana. Imeonyeshwa pia kwamba simulizi inayobeba mchezo huo ilizaliwa katika zama za atomu, na kwamba zama hizo zilianzia, kwa sehemu kubwa, katika ardhi ya Katanga. Mji ambao shujaa anauruka na mji ambao wachezaji wa Golf wanaishi ndani yake viliunganishwa tangu 1940 kwa meli, kwa magunia na kwa mkataba ulioandikwa Broadway.

Haitafaa kuwakataza vijana michezo kwa sababu hiyo, wala kuwadharau wanaoikumbuka kwa furaha. Furaha ya bembea ile ni ya kweli. Linalotakiwa ni kwamba kijana anayeweza kutoka upande mmoja wa Manhattan hadi mwingine bila kugusa ardhi aweze pia kueleza, kwa Kiswahili chake mwenyewe, njia ya mawe kutoka Shinkolobwe hadi ghala la Staten Island, na kumtaja Léonard Mpoyi bila kuhitaji kukumbushwa. Maneno ya kazi hiyo yapo: mgodi, urani, mnururisho, mgomo, mshahara. Walimu wa Kiswahili na wa historia wa Lubumbashi wanaweza kuianza kwa somo moja, wakiwa na ramani mbili ukutani, moja ya New York na nyingine ya Haut-Katanga, na uzi wa kuunganisha Broadway na Shinkolobwe.